Magauni ya Renatha

Bweranyange, Jumapili, 3 Septemba 1944

Leo nimefungua sanduku la marehemu. Miezi mitano tangu tumzike mke wangu Pulkeria sikuwa nimeligusa. Nimelazimika. Nilikuwa nikiongoza sala, na binti yangu Renatha alipopiga magoti gauni lake lilichanika mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni, kwa sauti ambayo kanisa zima liliisikia. Wanawake wa benchi la nyuma waliacha kusali wakatazama. Mtoto alibaki amepiga magoti mpaka watu wote walipotoka. Ana miaka kumi na mitatu, na gauni hilo alilivaa akiwa na kumi na mmoja.

Sandukuni nimekuta gauni la buluu lenye madoa meupe, gauni la kahawia la kanisani, kanga mbili, na shuka nyeupe tuliyopewa siku ya ndoa. Hiyo ndiyo nguo yote iliyomo nyumbani humu. Madukani hamna kitu. Vita imemeza kitambaa, na kile kidogo kinachofika hutolewa kwa orodha. Majirani wengine wamerudia ngozi, wengine lubugo, ile nguo ya magome ya mti waliyovaa babu zetu. Siwadharau. Ila mimi ni mwalimu, na mwanangu hataingia darasani na ngozi wala lubugo.

Januari anatakiwa aanze shule ya bweni ya masista, kule kwetu Muleba. Barua yao inasema msichana aje na magauni mawili mazima, shimizi mbili na shuka. Asiye navyo asisumbuke kuja. Nilimwahidi Pulkeria mtoto atasoma. Aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilisema ndiyo.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimekaa na Renatha mezani tukapanga. Gauni la kanisani likichujuka litakuwa la shule. La shule likichakaa litakuwa la kulimia kibanjani, kwenye migomba. La kibanjani likichoka litakuwa viraka. Kila gauni nitaliwekea pindo la inchi nne, na juu ya pindo mikunjo miwili, ili kila akirefuka nifumue mkunjo mmoja. Kwa alama za kimo chake nilizochora kwenye mwimo wa mlango, mikunjo hiyo itamfikisha hata mwaka 1946 bila kuhitaji kitambaa kipya. Hakuna kipande kitakachotupwa, hata cha upana wa kidole. Vyote vitaingia katika mfuko wa unga nilioutundika jikoni.

Renatha aliomba gauni la buluu lisikatwe.

"Mama alilipenda," alisema.

Nikamwambia mama yake angependa zaidi amwone amesitirika.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimeharibu. Nilikata mikono ya gauni la buluu huku kitambaa kikiwa kimelala upande mmoja, na sasa nina mikono miwili, yote ya kushoto. Nimeigeuza huku na huku kama mtu atakayeikuta imebadilika. Haikubadilika. Nilikaa chini nikalia, mwanamume mzima, kwa ajili ya kitambaa cha urefu wa mkono wangu.

Renatha aliokota vile vipande akavitia katika mfuko wa unga.

Jumatano, 13 Septemba

Mvua ya kwanza. Gauni la buluu halitakuwa na mikono.

Jumapili, 24 Septemba

Jana nilikwenda Nyaishozi kwa baiskeli, kutwa nzima kwenda, na leo kutwa nzima kurudi. Duka kubwa pale ni la Protase Byabato, mtu wa Bukoba. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akanionyesha orodha ya wanaostahili kitambaa. Walimu wa shule za vijijini hawamo.

"Mwalimu, ningekuwa nacho ningekupa kisirisiri," alisema. "Tazama rafu. Ninauza chumvi na viberiti."

Rafu zilikuwa tupu kweli.

Akanipa barua iliyokuwa ikinisubiri. Ni ya dada yangu mkubwa, Eugenia, wa kule Muleba. Nainakili kama ilivyo, maana nikiiacha kichwani inabadilika na kuwa mbaya zaidi:

"Melkiory mdogo wangu. Nimeambiwa mtoto anatembea na matambara. Mtoto wa kike halelewi na mwanamume peke yake. Mimi ndiye shangazi yake, kazi hiyo ni yangu. Mvua zikipungua nitakuja kumchukua. Mwandae."

Namjua Eugenia. Hajui kusoma, hiyo barua kaandikiwa. Binti zake wote wawili waliolewa kabla ya kufika miaka kumi na sita. Akimchukua Renatha, bweni la masista tulisahau.

Jumatatu, 2 Oktoba

Mvua. Nimemaliza gauni la buluu. Pindo ni zuri, hata fundi asingelicheka. Nimeanza la kahawia.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mvua. Darasani paa linavuja juu ya wasichana, nimewahamishia upande wa wavulana.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimempima Renatha mlangoni. Tangu Agosti ameongezeka nusu inchi tu. Nimefurahi sana. Akiendelea hivi, nguo zitadumu kupita nilivyodhani. Yeye hakufurahi. Alisimama na mikono ameikunja kifuani, na nilipomwambia aishushe ili nimpime mabega, alisema amechoka, akaenda kuchota maji.

Jumanne, 17 Oktoba

Gauni la buluu limefumuka kwapani, wiki mbili tu tangu lishonwe. Nimemuuliza kama anapigana na wenzake. Amesema hapana. Nimelishona tena kwa nyuzi nilizochomoa ukingoni mwa shuka.

Ijumaa, 20 Oktoba

Limefumuka tena, kwapa zote mbili.

Jumatatu, 23 Oktoba

Renatha hakuja darasani. Alisema tumbo linamuuma. Mchana nilimkuta ameinama kibanjani, analima vizuri tu. Naanza kuogopa kwamba mtoto huyu ananidanganya. Zamani alikuwa akikimbia mbele yangu kwenda shule. Sasa anatembea nyuma, amejikunja, kama anayebeba kitu asichotaka kionekane.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mvua usiku na mchana. Kyomukama, mke wa Tumwine mfuga ng'ombe, ameleta maziwa. Boma lao liko juu kule kwenye nyasi, na huwa tunabadilishana naye maziwa kwa ndizi. Alimtazama Renatha kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, una dada?"

Nikamwambia ninaye, na atakuja mvua zikipungua.

"Aje upesi," alisema.

Nilikasirika. Hata watu baki sasa wananiona sifai kulea.

Jumatano, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Renatha hakuja kanisani.

Ijumaa, 10 Novemba

Sijaandika tangu Watakatifu Wote. Naandika sasa, darasa limefungwa, na nitaandika yote, hata yanayonidhalilisha.

Juzi, Jumatano, saa nne niliwapa watoto hesabu za kufanya, nikaja nyumbani mara moja. Nilitaka vipande vyeupe vya shuka niviweke kwapani mwa gauni la buluu, maana sasa mishono ilikuwa imekula kitambaa chenyewe. Nikashusha mfuko wa unga. Ulikuwa mwepesi. Nikaukung'uta, vikaanguka vipande vitatu vidogo vya kahawia. Mikono ile miwili ya kushoto haikuwemo. Ukingo wote wa shuka, niliokuwa nimeukata kwa uangalifu nipate vifuniko vya mishono, haukuwemo. Kazi ya miezi miwili.

Renatha, ambaye siku hiyo tena hakuja darasani, alikuwa jikoni anamenya ndizi.

"Vipande viko wapi?"

Akanyamaza.

"Umempa nani?"

"Sijampa mtu."

"Umevitupa?"

Machozi yalianza kumtoka lakini mdomo haukufunguka. Nikamwambia mengi. Nikamwambia mama yake angeona haya. Nikamwambia mimi natembea kutwa nzima kutafuta kipande cha nguo naye anakwenda kuvitupa kama maganda. Nikasema kama hataki kusoma aseme, nimwite shangazi yake amchukue akaolewe.

"Sema!"

Nikampiga kofi.

Sikuwahi kumpiga mtoto huyu. Aliweka kisu chini polepole, akapita karibu yangu, akatoka. Nilidhani anakwenda kulia nyuma ya nyumba. Nikarudi darasani.

Saa sita mbingu ilipasuka. Mvua ilikuja na mawe, watoto wakapiga kelele, tukajibana wote pembe moja. Ilipopungua kidogo niliwaruhusu, nikakimbia nyumbani. Moto umezimika, ndizi nusu zimemenywa. Hayupo.

Nilikwenda kisimani. Nilikwenda kanisani. Nilikwenda kwenye kaburi la mama yake, udongo ulikuwa umetitia kwa maji na hapakuwa na alama ya unyayo. Nikateremka bondeni. Kile kijito tunachoruka kwa hatua moja wakati wa kiangazi kilikuwa kimekuwa mto, maji mekundu, yanaviringisha migomba mizima na mizizi yake. Nikasimama pale nikaita jina lake. Nikaona kitu cha buluu kimenasa kwenye matete upande wa pili.

Siwezi kuandika nilivyovuka. Maji yalinifika kifuani, nikashika matete, yakang'oka mkononi, nikashika mengine. Nilipofika, kile cha buluu kilikuwa gauni. Gauni tupu. Kwapa zake zilikuwa wazi.

Nikakaa kwenye matope nimelikumbatia. Nikasema Pulkeria, nimemuua.

Mchungaji mmoja wa Tumwine ndiye aliyenikuta. Alikuwa akirudisha ndama waliotawanywa na mawe. Aliniuliza, "Mwalimu, unamtafuta binti? Yuko bomani. Alipita hapa kabla maji hayajajaa."

Nilipanda ule mlima nikianguka. Mlangoni pa nyumba ya Kyomukama nikapiga hodi, sauti yangu sikuijua. Alitoka mwenyewe akasimama mlangoni, mwanamke mrefu, akaujaza mlango.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Mtoto mzima, anakunywa maziwa. Lakini wewe huingii."

"Ni mwanangu."

"Ni mwanao, ndiyo. Kaa hapo chini nikuambie." Nikakaa kwenye samadi, mvua inanipiga. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini, si ya kunigombeza. "Mwalimu, binti yako amevunja ungo. Huu ni mwezi wa pili. Vile vitambaa vyako ndivyo vilivyomsitiri. Akishafua anavificha kwenye migomba, mvua inavichukua. Angekuomba nini wewe? Angeanzaje?"

Nilikuwa bado nimelishika gauni la buluu, linachuruza maji.

"Na lile gauni," aliendelea, "linambana kifua mpaka hapumui. Amelivua mwenyewe pale mtoni, akalitupa, akaja huku amejifunga kanga ya mama yake. Unampima kimo. Mtoto wa kike anakua kwa urefu tu?"

Hapo nilielewa kwa nini alama za mlangoni zilinifurahisha. Nilikuwa naangalia juu ya kichwa chake tu.

Kyomukama aliniruhusu nimwone kutoka mlangoni. Renatha alikuwa amekaa karibu na moto, amevaa ngozi ya ndama ya binti wa nyumba ile, ngozi laini iliyosuguliwa samli, imezungushwa mwilini na kufungwa begani. Ile niliyoapa hataivaa. Alikuwa amenyooka mgongo. Kwa wiki nyingi sikuwa nimemwona amenyooka mgongo.

Nikasema, "Renatha, nisamehe."

Alitazama moto. Sikustahili jibu.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimemwandikia Eugenia mwenyewe. Nimeandika: "Dada, usisubiri mvua zipungue. Njoo." Mkokoteni wa misheni umeipeleka barua Nyaishozi.

Nimejinyang'anya mtoto kwa mkono wangu.

Jumanne, 14 Novemba

Panzi wa senene wameanguka kwa wingi. Bweranyange nzima iko nje na vikapu. Mimi nimekaa ndani.

Jumatano, 15 Novemba

Renatha amerudi, Kyomukama kamsindikiza. Amepika. Tumekula. Kwenye mfuko wa jikoni nimetia kanga moja ya marehemu, nimeikata vipande, nikamwambia, "Hivi ni vyako. Sitavihesabu." Alivichukua bila kunitazama usoni.

Jumapili, 19 Novemba

Mvua. Ameniambia "Shikamoo, Baba" asubuhi. Ni neno la kwanza alilonianza nalo tangu arudi.

Jumatatu, 27 Novemba

Eugenia amefika. Kutoka Nyaishozi amekuja kwa miguu siku mbili, matope hadi magotini, mzigo kichwani, na ana miaka zaidi ya hamsini. Nilimwamkia, akaitikia, akapita moja kwa moja kwa Renatha. Wamefunga mlango wa chumba. Nimesikia mtoto analia, halafu, baada ya muda mrefu, nimesikia anacheka. Miezi mingapi sijasikia?

Jumanne, 28 Novemba

Leo asubuhi Eugenia alitandika nguo zote mezani: la buluu lililotoka mtoni, la kahawia, shimizi niliyoianza. Akaingiza mkono ndani ya kila mshono, akavuta.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Inaonekana. Umeshona kama mtu anayeziba mtumbwi." Kisha akageuza pindo, akahesabu mikunjo kwa kidole. "Hapa chini umeacha kitambaa cha miaka miwili. Hapa ubavuni hukuacha hata cha mwezi mmoja."

"Sasa najua, dada."

"Sasa unajua."

Nikaona afadhali nimalize yote. Nikamuuliza wazi: "Unakwenda kumwoza?"

Aliweka gauni chini. "Nani kakwambia?"

"Binti zako..."

"Binti zangu walitolewa na baba yao. Mimi niliuliza? Mimi mwenyewe nilitolewa sijavunja hata huo ungo, na wewe ulikuwa mtoto, ulikula nyama ya harusi yangu ukafurahi." Hakupandisha sauti. "Masista wako mwendo wa asubuhi moja kutoka kwangu. Likizo atakuja kwangu, atakuwa na mtu wa kumwambia. Nimekuja kumpeleka shule, Melkiory. Ulifikiri nimetembea matope yote haya kutafuta ng'ombe?"

Miaka yote nimemwona dada huyu kama jiwe. Sikuwahi kumuuliza jambo lolote lililompata.

Jumatano, 29 Novemba

Ili mbavu za magauni zipanuliwe kunahitajika kitambaa, na hakipo. Eugenia alifungua mzigo wake, akatoa kanga moja, haikutosha. Tukazunguka nyumba. Ndipo nikakumbuka kanzu yangu ya harusi, imening'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu. Nimepanga kila uzi wa nyumba hii tangu Septemba, na yangu sikuihesabu hata siku moja.

Nimeileta. Renatha alisema, "Baba, utavaa nini kanisani?" Nikamwambia suruali ya shule. Eugenia akaikata kabla sijabadili nia.

Jumamosi, 2 Desemba

Siku tatu tumeshona sisi watatu, karibu na mlango ili tupate mwanga. Gauni la kahawia sasa lina vipande vyeupe ubavuni na kwapani, vimekunjwa ndani, vitafumuliwa kila mwili utakapoongezeka. La buluu vivyo hivyo, na limepata mikono, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Shimizi mbili zimetoka kwenye kanzu. Renatha alipolivaa la kahawia aliinua mikono juu yote miwili, akaishusha, akainua tena. Hakuna mshono uliolia.

Baadaye Eugenia alisema, "Lori la Byabato linaondoka Nyaishozi Alhamisi. Nisipopanda hilo, mvua itanifunga huku mpaka mwaka mpya, na masista wanapokea wa mbali mapema. Lakini mtoto ni wako. Ukisema abaki hadi Januari umlete mwenyewe, atabaki."

Nilitaka kusema abaki. Wiki nne, si nyingi. Nikamwita Renatha nikamuuliza yeye.

Alitazama miguu yake. Kisha akanitazama.

"Nataka kwenda na Shangazi."

"Kwa sababu ya kofi?"

"Hapana. Nilikuwa nimelisahau." Halafu akasema, "Sikulisahau. Lakini si hilo. Baba, nikiwa na Shangazi siogopi kusema naumwa."

Nikasema nenda.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimewasindikiza hadi Nyaishozi, mzigo kwenye baiskeli, sisi tukitembea. Mvua ilitunyeshea njia yote. Kwenye lori Renatha alikaa juu ya magunia ya kahawa, karibu na Eugenia, amejifunika turubai. Alishika mkono wangu mpaka gari lilipoanza kutembea, kisha akaachia. Niliendelea kutembea nyuma ya lori hatua kadhaa kama mtu aliyesahau kitu ndani. Byabato akaniita ninywe chai. Sikuweza kuinywa.

Ijumaa, 15 Desemba

Shule imefungwa. Nyumba kubwa.

Jumamosi, 23 Desemba

Mvua imekatika. Kyomukama ameleta maziwa ya Krismasi, akanikuta nimelala mchana. Ameniambia niamke nikapalilie, kibanja cha mwalimu kisiwe msitu. Nimepalilia.

Alhamisi, 25 Januari 1945

Barua, mwandiko wake mwenyewe:

"Baba mpendwa, shikamoo. Mimi mzima. Masista wamenipokea. Walikagua nguo zangu mbele ya wasichana wote, na Sista mkubwa aliuliza nani kashona, nikasema Baba yangu na Shangazi na mimi. Tumelala ishirini chumba kimoja. Gauni la kahawia Shangazi alishalifumua ubavuni mara moja kabla sijaja. Najua unatafuta kitambaa. Usishone jingine mpaka nikuandikie, maana hata mimi bado sijui nitakuwa na ukubwa gani. Mwanao, Renatha."

Nimejibu leo hii, kabla ya kengele ya darasa. Nimemwandikia: Sawa, mwanangu. Utaniambia.